Kikanda cha Lubumbashi, Nyama Isiyochinjwa

Mgeni afikaye Lubumbashi hakosi vitu vya kutazama. Iko dohani ndefu ya matanuri ya shaba, ipatayo meta 150 kwenda juu, ambayo msafiri huiona kabla hajaingia mjini. Kando yake kipo kilima cheusi cha taka za madini, kilichorundikwa kwa jasho la wazee wetu tangu mwaka 1911, tanuri la kwanza lilipowashwa. Liko kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, nayo mijakaranda huchanua rangi ya zambarau kabla ya mvua za kwanza. Safari hii tuliyaacha hayo yote, tukaenda kutazama vyungu. Maana katika mji huu kuna chakula kimoja ambacho hukatwa kwa kisu kama nyama, hutafunwa kama nyama, na watoto hukigombania kama nyama, walakini hakuna mnyama aliyechinjwa. Chakula hicho huitwa kikanda. Wasomaji wa pwani wasidhani kwamba tunasema habari ya kanda za nchi. Kikanda hiki ni jina la mmea na la chakula chake. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, Wabemba hukiita chikanda.

Siku hizi huko Ulaya na Marekani viwanda vikubwa hushindana kutengeneza nyama kwa soya na njegere, na magazeti huliandika jambo hilo kama kwamba ni ajabu mpya. Akina mama wa Katanga hawakungoja viwanda. Basi yafaa tuwajue wao na sufuria yao, tena tuijue hatari iliyo juu ya chakula hicho.

NCHI YA SHABA, SI NCHI YA NG'OMBE

Kwanza tuseme kwa nini nyama ni kitu cha thamani hapa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli itokayo kusini ilipofika, ukaitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Watu walikuja kwa maelfu kufanya kazi ya shaba: Walamba na Wasanga wa jirani, Waluba, Wabemba kutoka Rhodesia ya Kaskazini, hata watu wa Rwanda na Burundi. Watu hao wote walitaka kula. Lakini msitu wa miombo unaouzunguka mji una mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hawastawi. Kwa hiyo ng'ombe waliletwa kwa reli kutoka Rhodesia, na samaki waliletwa kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Kampuni ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga wa mahindi, maharage, karanga, na nyama au samaki kwa kipimo. Jikoni mwa Lubumbashi nyama ilijulikana tangu mwanzo kuwa ni kitu cha kupimwa, na mpaka leo jamaa nyingi hupima hivyo hivyo.

Ndiyo sababu akina mama wa nchi hii wana akili nyingi za chungu kisicho na nyama. Hutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, wakayapika kwa karanga zilizosagwa. Hupika maharage. Wakati wa mvua huleta uyoga wa porini wa kila namna, hata ule wa vichuguu ambao kofia yake yaweza kukaribia meta moja kwa upana. Hivyo vyote ni vitoweo vizuri kando ya bukari, kama wenyeji waitavyo ugali. Kikanda ni kitu kingine, kwa kuwa ndicho peke yake kinachokaa sahanini kama kipande cha nyama.

SOKONI KENYA

Tulikiona kwanza katika soko la Kenya. Kenya hii ni komini moja ya Lubumbashi, wala si nchi ya jirani. Soko lake ni kubwa, lina kelele nyingi, na mtu asiyejua njia hupotea kati ya mafungu ya samaki wakavu na magunia ya unga. Akina mama wauzao kikanda huketi na beseni zao zilizofunikwa kwa kitambaa safi. Ukifunua, waona mkate wa mviringo, mzito, wa rangi ya hudhurungi, wenye alama nyekundu za pilipili. Muuzaji hukata kwa kisu kipande cha bei uitakayo. Kipande hicho hakivunjiki kama mkate wa ngano, bali hunyumbuka kidogo. Waingereza waliokuwa Zambia walikuwa na soseji nene waliyoiita poloni, basi Wazambia wenyewe wamekiita kikanda poloni ya Kiafrika, na jina limekaa.

Upande mwingine wa soko huuzwa viazi vyenyewe, vilivyokaushwa. Ni vidogo, vingine kama ncha ya kidole, vingine kama kidole kizima, vimekunjamana, na udongo haujawatoka sawasawa. Mtu asiyevijua hangeinama kuviokota njiani. Hata hivyo gunia lake ni mali.

KATIKA UA WA KATUBA

Mama mmoja wa Katuba alitukaribisha uani kwake tuone kazi kwa macho yetu. "Mwalimu, keti," alisema, "lakini usiulize maswali wakati wa kukoroga." Nasi tukaketi, tukanyamaza.

Viazi vilikwisha kusafishwa na kutwangwa siku iliyotangulia, vikachekechwa kuwa unga mwembamba wa rangi ya kijivu. Karanga, au kalanga kama wasemavyo hapa, zilikaangwa kidogo, zikamenywa, zikatwangwa. Kipimo chake kilikuwa kikombe kimoja cha unga wa viazi kwa vikombe viwili vya unga wa karanga. Aliteleka maji juu ya mbabula, ndilo jiko la makaa, akatia karanga, chumvi na pilipili, akaacha zichemke mpaka harufu ikajaa ua mzima. Ndipo akamimina unga wa viazi polepole kwa mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukikoroga bila kusimama. Mwisho akatia soda kidogo. Zamani, alisema, bibi yake alitumia maji ya majivu yaliyochujwa.

Hapo tuliona jambo la kustaajabisha. Uji uliokuwa mwepesi uligeuka katika muda mfupi kuwa mzito, ukavutika, ukaanza kuuvuta mwiko. Mama aliusawazisha, akafunika sufuria, akatia makaa ya moto juu ya kifuniko, ili chakula kiive kwa moto wa chini na wa juu pamoja. Baada ya saa moja hivi alifunua: kilikuwa kimeshikamana, kina ganda juu, tayari kukatwa. Kikipoa hushikamana zaidi.

KWA NINI HUGANDA?

Wenye elimu ya mimea wametueleza sababu. Ndani ya viazi hivi mna ute uitwao glukomanani. Ute huo ukikutana na maji hufura, na ukikutana na kitu chenye magadi, kama soda au majivu, huganda wala haurudi tena kuwa maji. Wajapani hufanya vivyo hivyo kwa kiazi chao kiitwacho konjac: huusaga, huutia chokaa, wakapata chakula kigumu chenye kunyumbuka waitacho konnyaku. Waturuki nao wana viazi vilivyo ndugu wa viazi vya kikanda. Husaga unga uitwao salep, wakaupika na maziwa kuwa kinywaji cha moto cha siku za baridi. Mataifa haya hayakufundishana. Kila moja liliinama kwenye udongo wake, likagundua.

Lakini hapa yapasa tuulize swali ambalo kila mama anayepanga chakula cha nyumba yake angefanya vema kuuliza. Je, nguvu ya kikanda iko wapi? Jina la chakula ni la kiazi, na bei kubwa ni ya kiazi. Walakini kiazi hicho kina wanga na ule ute tulioutaja, na protini ni kidogo tu. Protini ndiyo ijengayo mwili wa mtoto, nayo ndiyo tuitafutayo katika nyama. Katika kikanda protini hiyo hutoka kwenye karanga. Katika kila gramu 100 za karanga mna protini gramu 25 hivi, na mafuta mengi mazuri pia. Basi karanga ndiyo nyama, na kiazi ni kamba inayofunga mzigo. Kamba ni ya lazima ili mzigo ukae, lakini hakuna mtu alaye kamba akashiba.

MAUA YA DAMBO

Baadaye tulitoka mjini kwa njia ya Kasumbalesa, tukaiacha barabara kubwa na malori yake ya shaba, tukafuata njia ya miguu hata tukafika kwenye dambo. Dambo ni bonde la majani lisilo na miti, ambalo hujaa maji wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Ilikuwa mwezi wa tatu, na kati ya majani marefu yalisimama maua, mengine ya waridi, mengine yenye rangi ya chungwa, yamepangika juu ya shina moja kama punje za mtama. Haya ni maua ya jamii ya okidi. Katika miji ya Ulaya watu hununua ndugu zake kwa fedha nyingi wakapamba meza. Huku kwetu huchimbuliwa wakaliwa. Wataalamu huyaita Disa, Satyrium na Habenaria, na kila jina lina aina nyingi chini yake.

Kijana aliyetuongoza alichimba mmea mmoja ili tuone. Chini ya shina mlikuwa na viazi viwili. Kimoja kilikuwa kimenyauka na kulegea, maana ndicho kilicholisha shina na ua la mwaka huu. Cha pili kilikuwa kigumu na kimejaa, kwa kuwa ni akiba ya mmea kwa mwaka ujao. Mchimbaji hutaka hicho cha pili. Akikitwaa, ameutwaa mwaka ujao wa mmea ule, na hautaota tena.

Labda msomaji atasema, "Si kitu, mbegu zitaota." Kwa bahati mbaya mbegu za okidi si kama mbegu za mahindi. Ni nyembamba kama vumbi, wala hazina chakula ndani yake. Haziwezi kukua zisipokutana katika udongo na namna ya kuvu izilishayo, na zikikutana nayo, mmea hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Kwa sababu hiyo hakuna mkulima mwenye shamba la kikanda kama tulivyo na mashamba ya mihogo. Kila kiazi kilichomo katika magunia ya sokoni kimetoka porini, nacho kimechimbwa kimoja kimoja.

CHOVYA CHOVYA

Wakati kikanda kilipokuwa chakula cha vijiji, pori liliweza kukilipa. Bibi alichimba kikapu kimoja kwa mwaka, akapika siku ya furaha, na dambo likapumzika. Lakini vijiji vimekuwa miji. Watu wa Lubumbashi ni mamilioni, na miji ya shaba ya Zambia iko karibu yetu, nayo yapenda chakula hicho hicho. Wazee walisema, chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Tazameni yaliyotokea Zambia. Viazi vilipopungua katika mabonde yao, wafanyabiashara walivuka mipaka kuvitafuta Tanzania, Malawi, Angola na huku kwetu Kongo. Mwaka 2003 wataalamu wawili waliandika habari za nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako viazi hivi huitwa pia kinaka. Walikadiria kwamba kutoka huko peke yake viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikwenda Zambia kila mwaka. Miaka miwili baadaye, mwaka 2005, serikali ya Tanzania iliifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 413 hivi. Uwanda huo wa juu, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, una aina zaidi ya 45 za okidi, na ulihifadhiwa kwa ajili ya maua yake. Tena mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, yaliyotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, yanataka okidi zisivushwe mpaka bila ruhusa. Kongo, Zambia na Tanzania zote zimeyakubali. Lakini gunia lililofungwa vizuri halisemi lina nini ndani, na mtu mwenye njaa hasomi mapatano.

Tuliporudi sokoni tulimwuliza mama mmoja muuzaji kama ameona badiliko. Alijibu bila kusita. Alipoanza kazi, alisema, viazi vilikuwa vikubwa na vililetwa na watu wa karibu. Sasa ni vidogo, vinatoka mbali, na mara nyingine vimechanganywa na vya namna isiyoganda. "Nimewasomesha watoto watatu kwa kikanda," alisema. "Wa nne yuko darasa la tano. Ukiniambia niache, niambie pia nani atalipa karo."

Neno hilo tulilichukua pamoja nasi. Ni rahisi mtu aliyeshiba kumlaumu mama huyu kwa habari ya maua. Lakini mama huyu ndiye wa kwanza atakayepata hasara maua yakiisha, kwa maana siku ambayo dambo halina kitu, beseni lake nalo halina kitu. Kuyatunza maua na kumtunza mtoto wa darasa la tano ni kazi moja.

TUFANYEJE SISI WA NYUMBANI?

Hatuwezi kumaliza jambo hili kwa maandishi, lakini jamaa moja moja zaweza kufanya mengi, nasi twapenda kusema manne.

La kwanza, kikanda kibaki chakula cha heshima. Kipikwe siku ya arusi, siku ya mgeni, au siku ya Ijumaa katika Kwaresima, tunapoiacha nyama. Chakula cha sikukuu kikiliwa kila siku hupoteza utamu wake, na hiki hupoteza na mbegu yake.

La pili, tusisahau kwamba nguvu yake ni karanga. Mama wa Katuba hutia karanga vikombe viwili kwa kimoja cha kiazi, na chakula chake hushikamana vizuri. Wako wanaozidisha kiazi ili mkate uonekane mkubwa, nao hupoteza fedha, huharibu pori, na humpa mtoto chakula dhaifu. Tena karanga zichaguliwe vema kabla ya kutwangwa. Zilizoota ukungu au kugeuka rangi zitupwe, kwa kuwa zaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini na haiondolewi kwa kupika.

La tatu, kwa siku za kawaida tukitegemee chungu cha shamba: maharage, sombe kwa karanga, na soya kwa wale waipatao. Karanga na mahindi zina upungufu wa namna moja katika protini zao, na upungufu huo hutimizwa na maharage na majani ya muhogo. Ndiyo maana bukari, maharage na sombe vikikutana katika sahani moja husaidiana kama mafiga matatu. Hata hivyo tusidanganyane. Vitamini B12 hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai, wala haipatikani katika mimea hii. Basi mtoto mdogo na mama mwenye mimba wasinyimwe yai au samaki eti kwa sababu kuna kikanda nyumbani.

La nne ni la wachimbaji, na yeyote mwenye ndugu kijijini amfikishie. Mmea usichimbwe ungali na maua. Ungojewe mpaka maganda ya mbegu yapasuke na upepo uchukue vumbi lile. Hata hapo ichimbwe michache, na viazi vidogo viachwe vikue. Bonde lililochimbwa mwaka huu lipumzishwe miaka kadhaa. Wako wenye elimu wanaojaribu kuziotesha mbegu hizi pamoja na kuvu yake, na kazi yao ni ya polepole. Tukiyamaliza maua kabla hawajafaulu, watakosa hata mbegu za kujaribia.

Ndugu zetu wa Lubumbashi wanayo haki ya kujivunia kikanda. Ni ushahidi kwamba wazee wao waliujua udongo huu kuliko watu waliokuja na vitabu. Kiazi kidogo kisicho na sura, karanga, majivu na moto juu na chini: kwa vitu hivyo walipata nyama mahali ambapo ng'ombe hawakuweza kuishi. Wajukuu wao wakitaka kukila, njia ya kwanza iko wazi kwa kila mwenye jembe. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, karanga zipandwe kwa wingi. Nayo maua ya dambo yaachwe yazae.